Tatu wa Ghorofa ya Tatu

Naitwa Tatu, nakaa ghorofa ya tatu.
Msicheke. Mama alihesabu watoto,
hakuhesabu ngazi za Glasgow.

Vidato hamsini na vinne.
Navijua kama mtu ajuavyo madeni yake:
cha kumi na tisa kimelika katikati,
cha thelathini kina ufa uliokuwa ukinishika kisigino
enzi zile nina visigino viwili.

Machi, sukari ikachukua mguu.
Vijana wawili wa ambulensi wakanipandisha
kama kabati la mnadani,
pole mama, pinda hapa, inua kidogo,
wakanitua karibu na dirisha, wakaaga.
Habari ya kushuka hawakuigusa.

Tangu siku hiyo mji nauona kwa utosini.
Niulize nani ana upara Dumbarton Road,
nitakutajia na saa anayopita.

Bi Catriona wa baraza la jiji alikuja na utepe.
Akapima mlango wa bafu: sentimita sitini na sita.
Akapima kiti changu: sitini na nane.
Akaandika, akapima tena,
kana kwamba ukuta utaona haya usogee.
Sentimita mbili, jamani!
Upana wa kidole gumba
ndio mpaka baina ya mtu na maji.
Naoga jikoni, kwenye beseni,
tukitazamana mimi na birika.

Nyumba nimeonyeshwa mara mbili, nisije nikasema uongo.
Ya kwanza ilikuwa na bafu pana, vishikio, kila kitu,
na vidato vinne mlangoni.
"Ni vinne tu," alisema mtu wa simu.
Tu!
Neno dogo hilo, lakini lipande uone.

Ya pili niliiendea kwa teksi.
Mlango ulifunguka wenyewe,
ukanikaribisha kabla sijabisha hodi.
Swichi ya taa usawa wa bega langu.
Sinki, goti likapita chini yake bila kugonga.
Nikataka kuvua kiatu, kama mlangoni pa msikiti.
Kisha kwenye kona ya korido
nikaona mikwaruzo ya magurudumu,
mstari juu ya mstari, miaka na miaka,
na si ya magurudumu yangu.
"Huyu alihamia wapi?" nikauliza.
Bi Catriona akaangalia viatu vyake.

Basi nikaelewa orodha ile husogezwa na nini.
Usiku nilianza kuomba, Mola nipe nyumba ile,
dua ikanikwama kooni:
naomba nini hasa,
na zamu ijayo nitamsubiri nani afe?

Akapewa mwenye alama nyingi kuniliko,
kijana, aliumia shingo.
Sikumwonea wivu.
Hapana, nilimwonea. Siku mbili nzima.

Ruaridh, mtoto wa jirani, huniletea mkate
na kunitolea taka.
Juzi kaniambia ile shule kuukuu ya ng'ambo
inageuzwa fleti, thelathini na sita.
Kwetu husema penye miti hapana wajenzi.
Hapa wajenzi tele, nawaona kwa macho,
kofia za njano, redio, chai ya saa nne,
na mvua haiwatishi.

Leo wamefika mlango mkuu.
Wanarudisha mawe ya zamani, asema Ruaridh,
urithi, lazima pawe kama palivyokuwa.
Fundi mmoja kapiga magoti yake yote mawili,
anasawazisha saruji kwa upendo, sikudanganyi,
kama mtu anayemfuta mtoto uso.
Kidato cha kwanza.
Cha pili.

Nikagonga kioo kwa fundo la kidole.
Hodi.
Nikagonga tena, kwa pete.
Akainua kichwa, akanitafuta dirisha kwa dirisha,
akanipata, akatabasamu, akanipungia mkono,
mkono mzuri, umejaa saruji.

Kisha akainama
kumalizia cha tatu.